Tarehe ya Gen Con na Majonzi ya Waliotangulia

Matajiri wa Chicago walipojijengea majumba ya mapumziko kandokando ya ziwa Geneva, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, walihitaji watunza bustani wengi, na watunza bustani hao nao wakawa na haja ya mahali pa kukutana na kuonyeshana maua. Ndipo mji mdogo wa Lake Geneva ukapata ukumbi uitwao Horticultural Hall. Katika ukumbi huo, mwezi Agosti mwaka 1968, watu wapatao mia moja, karibu wote wanaume, na wengi wao hawajapata kuonana uso kwa uso ingawa walikwisha kuandikiana barua nyingi, walikusanyika ili wapigane vita juu ya meza. Aliyeukodi ukumbi, kwa dola 50, ni Gary Gygax, mtumishi wa kampuni ya bima mwenye umri wa miaka thelathini, baba wa watoto kadhaa, na mtu ambaye mapenzi yake kwa askari wadogo wa risasi na ramani za vita vya kale yalikuwa makubwa kuliko kipato chake. Mkutano uliozaliwa siku hizo, ambao jina lake la Gen Con lilitokana na jina la mji wenyewe, ungali hai. Walakini umeuacha ule mji, na waliouhudhuria mwaka 2023 walizidi 70,000.

Wingi huo si jambo linalonivuta kuandika, kwa sababu wingi huonekana na kila mwenye macho. Linalonivuta ni kwamba katika kila awamu ya maisha ya mkutano huu wamekuwapo watu waliosema, kwa yakini isiyotikisika, kuwa mkutano wa kweli ulikuwa ule wa zamani, yaani ule walioukuta wao siku yao ya kwanza; na nikiitazama tarehe yake kwa insafu naona kwamba watu hawa, ingawa hawakubaliani hata kidogo juu ya mwaka ambao neema iliondoka, hawakuwa wakilalamika bure.

Lakini hauwezi kufahamika mkutano ule pasipo kwanza kufahamika upweke uliouzaa. Mwaka 1958 kampuni ya Avalon Hill ya Baltimore, iliyoasisiwa na Charles S. Roberts, ilitoa mchezo wa mezani ulioitwa Gettysburg, ambamo wachezaji wawili waliweza kuyapigana upya mapambano mashuhuri ya mwaka 1863 kwa vipande vidogo vya karatasi ngumu vilivyosogezwa juu ya ramani; na baada yake ikafuata mingine ya jamii hiyo, yenye kanuni nyingi, hesabu nyingi na saa nyingi za kukaa kitako. Michezo hii ilinunuliwa na watu waliotawanyika katika nchi iliyo pana mno, mmoja hapa na mwenziwe safari ya siku nzima kutoka kwake, na aghalabu mnunuzi alijikuta ana kila kitu isipokuwa adui, maana jirani zake walimwona mtu mzima anayechezea vita kuwa amepungukiwa ama na akili ama na kazi. Kampuni ilipoanzisha jarida lake liitwalo The General mwaka 1964, sehemu yake iliyokuwa na athari kubwa zaidi haikuwa makala za mbinu za vita, zilizojaa elimu, bali matangazo madogo ya watu waliotafuta washindani. Kwa njia hiyo watu walianza kushindana kwa posta: huyu akiandika mwendo wa majeshi yake, akiutia katika bahasha, akingoja majuma jibu la hasimu ambaye hakuijua sura yake wala sauti yake, hata pambano moja la siku tatu katika historia likaweza kula mwaka mzima wa maisha yao.

Gygax alikuwa mmoja wa waandishi wa barua hizo. Pamoja na wenzake, miongoni mwao Bill Speer na Scott Duncan, alianzisha chama cha International Federation of Wargaming, ambacho licha ya jina lake la fahari kilikuwa kwa hakika mtandao wa vijana na bahasha zao. Na mwaka 1967 aliwaalika baadhi yao nyumbani kwake, Center Street, wacheze pamoja. Nyumba haikutosha. Huo ndio mwanzo wote wa habari hii, na ndiyo sababu mwaka uliofuata ukakodiwa ukumbi wa maua.

Mkutano wa kwanza haukuwa sherehe, wala maonyesho, wala soko, ijapokuwa baadaye ulipata kuwa yote matatu; ulikuwa dawa. Waliokwenda walikwenda kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kumpata mtu wa kucheza naye ambaye mtu aliweza kumwona anavyokunja uso kabla ya kushambulia. Mle ukumbini mgeni na mwenyeji hawakutengana sana: aliyezitunga kanuni za mchezo alisimama mezani akazifafanua mwenyewe, na asiyeridhika nazo alimwambia papo hapo. Mwaka 1969, katika mkutano wa pili, Gygax alifahamiana na Dave Arneson, kijana wa Minnesota, na kilichowaunganisha kwanza ni shauku yao ya vita vya merikebu za matanga. Miaka michache baadaye Arneson alikuwa amebuni huko kwao mchezo wa namna ngeni, ambao ndani yake mchezaji hakuamrisha jeshi bali aliishi katika nafsi ya mtu mmoja, mwenye jina lake na tamaa zake, anayeshuka katika mashimo ya giza chini ya ngome. Akamwonyesha Gygax, ambaye wakati huo alikwisha kuipoteza kazi ya bima na alikuwa akitengeneza viatu vya watu katika chumba cha chini ya nyumba yake ili wanawe wapate chakula. Kutokana na ushirika huo ulitoka, Januari 1974, mchezo wa Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya sanduku, bei dola 10, nakala 1,000 tu, zilizotolewa na kampuni changa iitwayo Tactical Studies Rules ambayo Gygax aliiasisi pamoja na rafiki yake Don Kaye, na ambayo Brian Blume aliiingizia fedha. Naamini hapana mkutano mwingine wa wapenda michezo ambao kufahamiana kwa watu wawili ndani yake kumezaa sanaa nzima.

Hapo ndipo majonzi ya kwanza yalipoanza. Wale wa vita vya historia, waliojua idadi ya mizinga ya Napoleon na rangi ya koti la kila kikosi chake, waliona ukumbi wao ukijaa vijana wasiojua lolote la Austerlitz, wanaorusha dadu zenye pande ishirini, wanaobishana kuhusu mazimwi na wachawi, na wanaopiga kelele. Hawakufukuzwa, walipunguka tu kwa uwiano, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakawa kabila dogo katika nchi waliyoianzisha wenyewe. Watu wa Baltimore waliuanzisha mkutano wao, Origins, mwaka 1975, na wapenzi wa vita vya kale walipata huko makao yaliyowafaa zaidi. Ni rahisi kuwacheka, nami nimesoma wengi wanaowacheka, lakini mtu aliyengoja barua miaka mingi, kisha akapata ukumbi, kisha ukumbi ukaanza kusema lugha nyingine kabla hajashiba kusema ya kwake, ana haki ya kununa kidogo.

Kufika katikati ya miaka ya sabini kampuni ya Gygax ilikuwa imeutwaa mkutano mikononi mwake, na chama cha barua kikawa kimekwisha nguvu. Jambo hili, ambalo lilipita bila kelele nyingi, lina uzito kuliko uhamisho wowote wa mahali, kwa sababu tangu hapo mwenye mkutano na mwenye bidhaa walikuwa mtu mmoja. Mwaka 1978 Gen Con ilihamia Kenosha, katika majengo ya Chuo Kikuu cha Wisconsin–Parkside, ikakaa huko hadi 1984. Chuo hicho majengo yake yameunganishwa kwa njia ndefu za ndani, hata mtu aweza kutembea toka upande huu mpaka ule bila kuliona jua, na vijana waliokuja kucheza michezo ya mashimo na vichochoro waliona kwamba mahali hapo palijengwa kwa ajili yao. Walilala sakafuni, walikula vibaya, walicheza usiku kucha. Na huo ndio wakati ambapo huko nje wazazi na wahubiri wa Marekani walianza kuuogopa mchezo wenyewe, wakidai kwamba unawafunza watoto ibada za shetani na kuwapeleka katika mauti, na magazeti na televisheni yakautia hofu hiyo mafuta. Hivyo kijana aliyefichwa vitabu vyake na mama yake alifika Parkside akakuta maelfu ya watu walio na kosa lile lile. Sidhani kama kuna anayeweza kupenda mahali zaidi ya yule aliyepata hifadhi hapo akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, na kwa hiyo sishangai kwamba wazee wa Parkside ndio wenye huzuni ndefu kuliko wote, ingawa wakitakiwa kuyataja mazuri ya mahali pale hutaja sakafu ngumu, foleni, na joto la Agosti.

Mwaka 1985 mkutano ulihamia Milwaukee, katika jumba kubwa la mikutano la mji ule, na katika Oktoba ya mwaka uo huo Gygax alinyang'anywa mamlaka ya kampuni yake mwenyewe, na baadaye akatoka. Mtu angetarajia kwamba mkutano uliomtoka mwasisi wake ungefifia, lakini ulinawiri. Milwaukee ndiko ulikopata umbo ambalo sasa twalijua: ukumbi mmoja mpana wa wauzaji, mashindano ya mavazi, wachoraji wanaotia saini picha zao, waandishi wa riwaya wanaokaa nyuma ya meza wakingoja wasomaji. Mwaka 1991 ulitokea mchezo wa Vampire: The Masquerade, kazi ya Mark Rein-Hagen na kampuni ya White Wolf, uliowaleta watu waliovaa nguo nyeusi, waliopenda mashairi na muziki wa majonzi, na miongoni mwao wanawake kwa idadi ambayo haikuwahi kuonekana katika vikao vya michezo hii; hawa hawakutaka hata meza, maana walicheza wima, wakitembea katika njia za hoteli na kunong'onezana hila za falme zao. Wazee wa mazimwi, ambao miaka kumi na mitano tu nyuma walikuwa wao ndio wageni wenye kelele, waliwatazama kwa jicho lile lile walilotazamwa.

Kisha zikaja karata. Mwaka 1993 Richard Garfield, msomi wa hisabati, na kampuni ndogo ya Wizards of the Coast ya kutoka jimbo la Washington, iliyoongozwa na Peter Adkison, walitoa mchezo wa Magic: The Gathering, na Agosti hiyo wakaupeleka Milwaukee. Hila yake ilikuwa kwamba mchezaji hanunui mchezo mzima bali hununua kifurushi asichojua kilichomo, na karata nyingine ni adimu kwa makusudi, hata kila mmoja analazimika ama kununua tena ama kubadilishana na mwenziwe. Karata zilikwisha upesi, na watu walizicheza mahali popote palipo bapa: kwenye ngazi, kwenye mazulia, juu ya mabegi, katika foleni ya kununua nyingine. Mwaka uliofuata bingwa wa kwanza wa dunia wa mchezo huo, Zak Dolan, alipatikana papo hapo Gen Con. Naona kwamba hapa palikuwa na badiliko la ndani zaidi kuliko lile la mwaka 1974, kwa maana karata zilitia thamani ya fedha ndani ya mchezo wenyewe. Mtu aliyekaa mbele yako hakuwa tena adui wa kirafiki peke yake, bali pia mfanyabiashara, na macho yake yaliweza kuwa juu ya mkoba wako kuliko juu ya mchezo.

Fedha zile zilifanya kazi yake. Mwaka 1997 Wizards of the Coast iliinunua kampuni ya zamani ya Gygax, iliyokuwa imelemewa na madeni, na pamoja nayo ikanunua mkutano. Mwaka 1999 Hasbro, mtengenezaji mkubwa wa vitu vya kuchezea, ikainunua Wizards. Na mwaka 2002 Adkison, akiwa amekwisha kutajirika na kuondoka, aliinunua Gen Con kwa Hasbro akaimiliki. Mwaka 2003 aliihamishia Indianapolis, katika jimbo la Indiana, na huko iko hata sasa. Mwaka 2008 kampuni yake iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai, lakini mkutano haukukosa kufanyika, na mwaka 2017, ulipotimiza mara ya hamsini, vitambulisho vyote vya kuingilia vilikwisha kuuzwa kabla ya milango kufunguliwa, na uwanja wa Lucas Oil, ambamo hucheza timu ya mpira ya mji huo, ulitumika kuwaongezea wachezaji nafasi. Mji mzima hujipamba siku hizo; vyumba vya hoteli hugawanywa miezi kabla, kwa bahati nasibu.

Sasa, ni kitu gani hasa kilichopotea? Si michezo, kwa kuwa ya zamani yote ingali ikichezwa. Naona kilichopotea ni haja. Dawa ile ya mwaka 1968 ilitolewa kwa ugonjwa ambao leo haupo, maana anayetaka mshindani wa Gettysburg saa nane za usiku humpata katika intaneti kabla chai haijapoa, na hamngojei mtu wa posta. Tangu mwaka 2015, ambapo waigizaji wa sauti wa California walianza kuonyesha mchezo wao wa Dungeons & Dragons kila wiki kwa jina la Critical Role, wamepatikana hata wapenzi wa mchezo huu ambao huutazama kuliko wanavyoucheza. Barazani petu anayeutazama mchezo wa bao ni mchezaji anayengoja zamu yake, na hakosi kumwambia aliyeketi kwamba kete yake ameitia pabaya. Mtazamaji wa siku hizi hangoji zamu, na anapofika Indianapolis hufika kama aendaye kuwaona watu anaowafahamu ambao wao hawamfahamu. Urafiki wa namna hiyo haukuwako katika ukumbi wa watunza bustani, kwa sababu hapakuwa na mtu mle ambaye hakuweza kushindwa na mwingine mchana ule ule.

Hata hivyo mkutano huu umedumu pale ambapo wengine wenye nguvu zaidi wameanguka. Maonyesho ya E3 ya Los Angeles, yaliyoanza mwaka 1995 kwa ajili ya wafanyabiashara wa michezo ya video, na yaliyofungua milango kwa umma mwaka 2017 tu, yalitangazwa kuwa yamekufa Desemba 2023, kwa kuwa watengenezaji walikwisha kugundua kwamba waweza kuzungumza na wanunuzi moja kwa moja kwa intaneti bila kukodi ukumbi. E3 ilikuwa mahali pa kutazama, na kutazama kwaweza kuhamishwa. Gen Con, pamoja na foleni zake na bidhaa zake, ingali na maelfu ya meza ambazo watu wageni kwa wageni huketi kuzizunguka kwa saa nne wakiaminiana, na hilo, nionavyo mimi, ndilo walilolipenda wazee, ingawa wao husema kwamba walipenda Milwaukee.

Biashara, ambayo haiachi hisia yoyote ilale bure, haikukosa kuiona hamu hii. Mnada wa michezo iliyotumika, ambao ni mmoja wa desturi kongwe za Gen Con, ulikuwa zamani njia ya maskini kujipatia mchezo kwa senti. Leo sanduku la kwanza la mwaka 1974, lililouzwa kwa dola 10, hununuliwa kwa maelfu ya dola na mtu asiyekusudia kamwe kulichezea. Mwaka 2006 wapenzi kadhaa waliziandika upya kanuni za kale, kwa jina la OSRIC, wakizitoa bure kwa yeyote aliyetaka kucheza kama ilivyochezwa Lake Geneva, na nyuma yao likafuata kundi kubwa la waandishi wa namna hiyo, wengi wao wamezaliwa baada ya zama wanazozililia. Na mwaka 2012 wenye mali wenyewe, Wizards of the Coast, walichapa upya vitabu vya Gygax kwa majalada ya fahari, sehemu ya mapato ikienda katika mfuko wa kumjengea ukumbusho.

Maana Gygax alikwisha kufariki, tarehe 4 Machi 2008, katika mji ule ule wa Lake Geneva. Baada ya mazishi, jamaa na marafiki walikutana katika ukumbi wa maveterani wa mji huo, na kwa kuwa hawakujua namna nyingine ya kumwomboleza mtu kama yeye, walitandaza michezo yao wakacheza. Mwaka uliofuata walirudia, chini ya uongozi wa mwanawe Luke, wakaiita Gary Con, mkutano mdogo kwa makusudi, wa wale waliochoshwa na ukubwa wa Indianapolis au waliotaka kuketi na watu waliokuwapo mwanzoni. Arneson alifuata njia ya mwenzake Aprili 2009, na kila mwaka wazee wa mwanzo hupungua. Watu waliofika Gary Con, hata hivyo, walizidi, hata mkutano ukahamia hoteli ya Grand Geneva, ambayo zamani ilikuwa ya Playboy na ambayo mwaka 1977 iliipokea Gen Con yenyewe. Siku hizi wanaohudhuria ni maelfu. Vitambulisho vyake huuzwa kwa madaraja, na aliyelipa zaidi hutangulia kuchagua meza.